Kitangi cha Mafuta cha Boti ya Zenón

Watu wa Livingston, pwani ya Guatemala, wanamjua Petrona Norales kwa mgongo. Ukipita gatini utamkuta ameinamia injini ya mtu, bisibisi mdomoni. Miaka ishirini, hakuna nahodha aliyewahi kumkimbia akatafute fundi mwingine.

Januari, upepo baridi wa kaskazini ulipoanza, injini ya Kapteni Zenón, inayoning'inia nyuma ya boti, ikagoma kuinuka. Kila alfajiri anabonyeza kitufe, injini imelala vilevile majini, na fungu la mchanga mdomoni mwa mto linangoja kumvunjia panga la injini. Petrona alikuwa akiitwa adhuhuri, jua limewaka, anakuta inapanda kama haijawahi kuumwa. Akabadilisha fyuzi, akasugua vichwa vya betri. Kesho yake, yaleyale, wiki tatu mfululizo. Ndipo siku moja akaja alfajiri.

"Fundi, leo ndiyo mwisho," Zenón alimwambia. "Isipoinuka naipeleka kwa fundi wa Puerto Barrios. Na manahodha wengine watanifuata."

"Unaikwangua mchangani, halafu unanisumbua mimi!"

"Mimi? Hata muhogo siukwangui hivyo, mama."

Gati zima likacheka. Petrona hakucheka.

"Bonyeza."

Akatega sikio. Kimota cha pampu ya kuinulia injini kililia, injini haikusogea.

"Umeme unafika. Basi ni mafuta ya pampu."

Wakalegeza skrubu ya pembeni, wakaiinua injini kwa mikono na kuitegemeza kwa gogo. Petrona akafungua kifuniko cha kitangi cha pampu, akachungulia, akabaki ameduwaa. Ndani kulikuwa kweupe pepepe, kumeganda kama mafuta ya nguruwe. Akachota kwa kidole, akanusa.

Nazi.

Ile chupa! Mwezi wa kumi, joto kali, aliongeza mafuta humu huku akipiga soga, kutoka chupa aliyoichukua jikoni kwa mama yake akidhani ni ya kazini. Bibi Basilia hatupi chupa. Akishapika mafuta yake ya nazi hujaza chochote chenye kifuniko, hata chupa ya mafuta ya injini, akiiosha tu. Kwenye joto ni maji. Kwenye baridi ya alfajiri, jiwe.

"Umeona nini?" Zenón aliuliza.

Petrona angesema ni unyevu umeingia, nani angejua? Akamnyooshea kidole chenye mafuta.

"Onja."

"Nionje grisi?"

"Onja, Zenón."

Akaonja. Macho yakamtoka.

"Mungu wangu! Haya si ya kukaangia ndizi?"

"Ya mama. Niliyatia mimi, kwa mkono huu. Na wiki tatu nakutukana wewe."

Petrona akamwaga yote, akasafisha kwa mafuta mapya mara tatu. Zenón akabonyeza. Injini ikapanda taratibu mpaka juu kabisa.

Zenón aliitazama ile injini, akamtazama Petrona, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona maiti ikipiga chafya.

"Injini ya boti ya kaka yangu nayo haipandi vizuri," akasema mwishowe. "Njoo Jumatatu. Ila chupa nitaleta mimi."