Fundo la Kushoto

Fundi wangu haanzi na spana. Kwanza hutandika boksi chini ya injini, huchuchumaa na kulisemesha gari kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Unalia wapi, mama?" Leo maji ya kijani yalidondoka, naye akayafuata kwa kidole, akifuta na kupapasa, mpaka kwenye mpira wa rejeta. Ulikuwa umepasuka kando ya mahali palipofungwa zamani kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Akaligusa lile fundo kama anayepima homa. "Hili limefungwa kwa mkono wa kushoto," alisema. "Mdogo wangu hufunga hivi. Aliondoka hapa bila kuaga." Akaniuliza gari nililinunua wapi. Kwa dalali, nikamwambia, mji wa mbali.

Aliweka mpira mpya, akajaza maji, akawasha na kungoja mpaka feni ikazunguka. Boksi jipya alilotandika likabaki kavu. Mpira wa zamani aliukata kila upande wa fundo, kipande hicho akakitia mfukoni mwa shati. "Ukipita kule tena, muulizie," alisema, akishusha boneti taratibu. "Mwambie fundo lake halijavuja. Ni mpira tu uliochoka."