Sufuria la Matanga ya Mtu Aliye Hai

"Liweke chini hilo sufuria, Nafula. Sijakupa."

"Juzi ulinipa, Bi Maimuna. Leo ndiyo umegeuka."

Juzi Bi Maimuna hakuwa ameambiwa sufuria ni la nini, na hilo ndilo lililompandisha mori. Alipoombwa sufuria kubwa alidhani watu wa bara wamepata mbuzi wao wanataka kumla kwa furaha, naye kwa vyombo hana choyo. Kumbe Nafula, mpangaji wake wa chumba cha uani, mfua mashuka katika hoteli moja ya Diani, alikuwa anataka kumlilia dada yake Fridah. Na Fridah hajafa. Yu hai, huko juu ya Msambweni, ndani ya wigo wa miba wa mtu aitwaye Seth na wafuasi wake.

Sufuria lenyewe si la mchezo. Bi Maimuna ni mpishi wa shughuli, na hapa Ukunda hakuna aliyeolewa wala kuzikwa kwa heshima bila moshi wake kuingia machoni mwa watu. Anayo mawili. La harusi hulala wima jikoni. La matanga hulala kifudifudi nyuma ya jiko. Husema hilo la matanga ndilo alilovukia mto Mkurumudzi mwaka wa mvua kubwa, akipiga makasia kwa upawa, na mamba akamwamkia shikamoo akampisha. Ukicheka, anakuonyesha kibonyeo ubavuni: hapo ndipo mkia wa mamba ulipogusa, kwa bahati mbaya, na mwenyewe aliomba radhi.

Maneno ya Bi Maimuna, basi, watu huyapokea nusu, nusu wakamwachia mwenyewe. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulitia mzaha hata siku moja: sufuria la matanga haligeuzwi juu mpaka maiti awepo. Ukiligeuza bure, asema, litakaa na mdomo wazi likimtafuta wa kulijaza.

Na Nafula alikuwa amekwisha kuligeuza. Amelishika masikio yote mawili, analiburura kwenda mafigani.

Mama yao mzee ndiye aliyepiga simu kutoka Bungoma. Kwao, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa kigogo cha mgomba mahali pake. Watu wakalia, wakanyoa, wakalala usingizi. Mama alikuwa amechoka kuacha mlango bila komeo kila usiku kwa ajili ya mtu aliyesema hana mama. Kigogo kimezikwa asubuhi hiyo, kimevishwa gauni la zamani la Fridah. Jioni, watu wao walioko Ukunda na Diani wangekuja uani hapo wale maharagwe ya msiba, waimbe kidogo, yaishe.

"Mgomba mmeuzika," alisema Bi Maimuna. "Na mwenye jina akirudi mtamwambia akalale wapi? Ubavuni mwa mgomba?"

Nafula alisema harudi. Alisema hivyo bila kuinua macho, akazidi kuburura.

Fridah alikuwa mtandika vitanda hotelini. Hoteli ikapunguza watu, mume naye akapunguza mapenzi, akabaki yeye na kitoto cha mgongoni, Immaculate, ambacho kifua chake kililia filimbi usiku kucha. Walikaa wote chumba kimoja na Nafula, na Bi Maimuna alikipenda kitoto kile. Alikuwa akikieleza habari za jogoo wake aliyefunga Ramadhani nzima akifuturu kwa tende, nacho kikimsikiliza kwa macho makubwa kama kadhi anayesikiliza kesi.

Ndipo walipokuja watu wa Seth. Huyo Seth zamani alikuwa akipiga muziki katika baa za ufukweni. Siku moja alizimia juani, akaamka na ujumbe. Watu wake hawakuja kwa ukali. Walikuja na sabuni, maharagwe, na mikono ya kumpokea mtoto ili Fridah apate usingizi. Nani asingekwenda? Bi Maimuna mwenyewe aliwasifu. Kisha ikaingia kidogo kidogo, kama maji ndani ya chombo kibovu. Simu ikawa uchafu. Kliniki ikawa kumdharau Mungu. Ukifika langoni kwao unavua viatu, navyo hutupwa kwenye lundo, huvioni tena. Mle ndani mna waliotoka kanisani na waliotoka msikitini, wote pekupeku, wote wakimwita Seth baba. Nafula alikwenda kwa wakubwa wa serikali, akaambiwa dada yake ni mtu mzima na nchi ina uhuru wa kuabudu.

"Nilimwambia Fridah hiyo si dini," alisema Nafula, akiliacha sufuria na kujinyoosha mgongo. "Hata hakukasirika. Aliniuliza, nyinyi kanisani mna mchungaji, Bi Maimuna ana shehe, sisi tuna baba. Nyinyi mnafunga, sisi tunafunga. Nyinyi mnaitwa dini kwa sababu mko wengi, sisi tunaitwa wazimu kwa sababu tuko wachache. Tofauti iko wapi? Nikakosa jibu, Bi Maimuna. Hadi leo sina. Wewe unalo?"

Bi Maimuna hakusoma. Akitakiwa kutia sahihi hutia dole gumba, na dole lenyewe limeliwa na moto hata alama hazionekani. Aliketi juu ya mbuzi ya nazi. Kisha akaanza kwa baba yake, maana kwake kila swali huanzia kwa baba yake, mwalimu Jaafar wa Waa.

Mwalimu Jaafar alikuwa mkali. Kuku wa Waa wakimwona anakuja kwenye maulidi, asema Bi Maimuna, walikuwa wakipiga shahada wenyewe kumpunguzia kazi. Mwanawe wa kiume, Boga, alikwenda kutafuta kazi Voi, akarudi na mke na msalaba shingoni. Mzee alilia mbele ya watoto wake, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Akaapa hatakanyaga kwa Boga wala hatakula chake. Na kweli hakukanyaga. Lakini kila Idi alimwita Maimuna uani, akampa sahani ya pilau imefunikwa kawa, akamwambia, "Mpelekee paka wa Boga."

Boga hakuwa na paka. Mwaka nenda mwaka rudi paka asiyekuwepo alikula pilau la Idi, akanona, hata majirani wakawa wakimwulizia hali yake. Mzee alipokufa, Boga alikuja akasimama mbali, nyuma ya watu. Wenye ndevu walinung'unika. Kisha ami yao mmoja akatoka mstarini, akamvuta mkono, akampisha chini ya jeneza aweke bega.

"Dini ilimuuma baba," alisema Bi Maimuna. "Wala sitakudanganya kwamba haikumuuma. Watu wabaya wamo kwetu na wamo kwenu. Lakini haikumshika mkono asimpe mwanawe chakula. Wewe ulipopeleka chakula kule, walikifanyaje?"

Nafula alitazama upande wa barabara, tuktuk moja ikapita na vumbi lake, ndipo akaanza kueleza kwa sauti ndogo.

Alikuwa amepeleka ugali na mboga ya mrenda, na chupa ya dawa ya kifua kwa ajili ya mtoto. Mlinzi wa lango alikipokea chakula kwa adabu, akakimwaga mchangani mbele ya Fridah. Chupa alimpa Fridah mwenyewe. Fridah aliishika muda mrefu. Seth alikuwa amesimama mbali, anatazama tu kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakirudi zizini. Fridah akafungua kifuniko, akaimwaga.

"Kwa mkono wake, Bi Maimuna. Hakuna aliyemlazimisha. Na mtoto mgongoni ametulia tu. Kifua hakikuwa kinalia tena. Nikajiambia, labda wamemponya kweli, labda mjinga ni mimi."

Bi Maimuna alifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu.

"Hicho kimya ulikisikia lini?"

"Kabla ya mfungo wenu."

Mfungo ulikuwa umekwisha, na Idi imepita.

Nafula alianza kulia, kilio cha mtu asiye na wakati wa kulia. Alisema ndiyo maana anataka matanga. Akimlilia Fridah kama maiti hatamchukia, maana maiti hachukiwi. Lakini kila siku akifua mashuka, mkono ule unaomwaga dawa unamjia ndani ya povu, na chuki inampanda. Anaogopa kumchukia dada yake, mtu waliyenyonya naye ziwa moja.

"Mchukie," alisema Bi Maimuna. "Nani kakukataza? Mchukie, na umwekee sahani. Ukiona tabu, sema ni ya paka."

Nafula alicheka ndani ya machozi, kicheko kidogo kilichotoka kwa njia ya pua. Akajipangusa. Akasema haya, watu wakija atawapa chai na mahamri, atawaambia yuko hai, waimbe wimbo mwingine. Kesho atampigia mama simu. Kigogo kikafukuliwe, au kiachwe kiote.

"Shika huku," alisema Bi Maimuna, akiinuka na magoti yanalia. "Tulilaze kifudifudi kabla wageni hawajaja kuliona."

Walilishika, huyu sikio hili, yule sikio lile, wakaliinua ubavu. Lango la bati likalia. Nafula alisema bila kugeuka kwamba wageni wamewahi, na Bi Maimuna akaanza, kwa ile sauti yake ya shughuli, "Karibuni, karibuni, maji yako motoni, nani huyo amekuja na—"

Fridah alikuwa amesimama ndani ya lango, pekupeku, miguu imepasuka, vumbi la njia nzima ya Msambweni limempanda hadi magotini. Leso ya kubebea mtoto ilikuwa imefungwa kifuani vilevile alivyozoea, fundo zuri la nguvu. Mgongoni ilining'inia tupu.

Sufuria likabaki mikononi mwao, ubavu, halijarudi chini.