Jina la Mfungaji

Iko alasiri moja, Mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapofungasha mizigo kuhamia mji mwingine, nami nimehama mara nyingi. Nilikuwa juu ya dungu la bibi yangu, kile kibanda cha miti mirefu tunachojenga shambani ili kulinda mpunga. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi kuchezea wasichana wa Tanganyika, kifua kimejaa habari, na bibi akaniuliza swali moja dogo ambalo sikuwa na jibu lake.

Lakini maji hufuata mkondo. Ngoja nianzie juu.

Nilikuwa msichana mrefu. Pale shule ya misheni Ifakara wenzangu waliniita Korongo, na jina hilo halikuwa baya sana, maana kulikuwa na mwingine aliyeitwa Kambare. Sista aliyetufundisha netiboli alinitazama mara moja tu, akaniweka mlinzi wa mwisho, chini ya goli letu. Wewe unayecheza unaijua kazi hiyo. Asiyejua nitamweleza: uwanja umegawanywa sehemu tatu, kwetu tulichora mistari kwa majivu, na mlinzi wa mwisho havuki mstari wa sehemu yake. Mpira ukienda mbele, ndiyo umekwenda. Unabaki na mfungaji wa upande wa pili, ninyi wawili, chini ya mlingoti wenye pete. Na huyo naye huruhusiwi kumgusa. Akishika mpira unasimama futi tatu kutoka kwake, unainua mikono, unangoja.

Wenzangu walipofunga walikumbatiana kule mbali. Watazamaji nao walikaa kule kule, kwa sababu watu hupenda kukaa penye kufungwa magoli. Mimi nilipiga makofi peke yangu huku nyuma kama mtu anayeua mbu. Siku moja nilimwambia sista kwamba nataka kuwa mfungaji.

"Kila mtu anataka kufunga," alisema. "Nyumbani abaki nani?"

Kubaki nilikuwa nakujua. Baba na mama walikwenda kwenye mashamba ya mkonge Kilosa nikiwa mdogo, wakasema watarudi baada ya msimu, na msimu ule ukawa mrefu. Nililelewa na bibi, Emerensiana, mama wa mama yangu. Nyumba yetu ilikuwa Lumemo, lakini mpunga ukianza kubeba tulihamia shambani, tukalala juu ya dungu mpaka mavuno. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Mwanzoni nilikimbia na debe langu kutoka pembe hii hadi pembe ile, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, na ndege wakala vilevile.

"Skola," bibi aliniita, "unakimbiza ndege au unalinda mpunga? Ukimfuata wa huku, wa kule anakula. Simama mahali wote wakuone."

Neno hilo nililipeleka uwanjani. Wafungaji wengi hucheza kwa hila: anajifanya anakwenda kulia, ukimfuata amekwisha kuwa kushoto. Mimi sikumfuata mtu. Nilisimama kati yake na pete, nikamwacha acheze ngoma yake hadi achoke. Habari zangu zikafika Morogoro, na baada ya majaribio huko nikachaguliwa, mtoto wa Lumemo, kwenda kucheza na wasichana wa Kenya. Usione vyaelea, Mwanangu, vimeundwa, na mimi niliundwa juu ya dungu.

Niliondoka Ifakara juu ya lori la mchele, na bibi alinifungia pepeta, mchele mchanga uliokaangwa na kutwangwa, kwenye kitambaa.

Nairobi kulikuwa na baridi, na uwanja wao ulikuwa na majani mafupi mazuri. Mfungaji wao alikuwa mfupi kuliko mimi, mnene kidogo, mwepesi kama samaki. Mpira ukiwa mbali aliimba kwa sauti ya chini, wimbo ambao sikuujua. Tulisimama pamoja mchezo mzima. Nilijua pumzi yake ilivyobadilika kabla ya kurusha, nikajua bega gani hushuka kwanza. Tulishinda kwa goli moja. Filimbi ilipolia wenzangu walikuwa kule mbele, wakaangukiana, wakabebana. Mimi nilikuwa bado chini ya goli.

Yule mfungaji alinigeukia. "Mikono yako hiyo, dada, leo nitaiota."

Nikacheka.

"Kwenu wapi?"

"Ifakara."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mbali," nikasema. Sikupata neno jingine.

Wenzake wakaja, wakamvika sweta, wakamzunguka, wakaondoka naye wakimsemesha. Yeye aliyefungwa alikwenda na watu. Mimi niliyeshinda niliokota viatu vyangu nikawafuata wenzangu nyuma. Njia nzima ya kurudi waliimba nyimbo walizozitunga wenyewe za waliofunga magoli. Wimbo wa mlinzi haukuwepo. Sikuwalaumu. Nilijiambia, nyumbani yupo bibi. Nilitaka mtu mmoja tu, wa kwangu mwenyewe, aseme kwamba anajua nilichofanya. Zaidi ya hapo sikutaka kitu.

Basi nikafika shambani, mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Nikapanda ngazi ya dungu, nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza habari za njiani, nikaanza kumwaga. Nilimweleza baridi, majani, umati, goli moja. Bibi alijibu "Eee" na "Ehe," macho yakiwa kwenye mpunga.

"Bibi, hunisikilizi."

"Nakusikiliza. Umemzuia mfungaji wao."

"Nimemzuia kweli. Ni hodari sana yule, lakini nimemzuia."

"Anaitwa nani?"

Nikageukia mpunga.

"Umesimama naye tangu jua kali mpaka jioni," bibi alisema, "umenieleza mpaka pumzi zake. Jina lake nani?"

"Sikumuuliza. Ni mpinzani, bibi."

"Mpinzani hana mama aliyempa jina?"

Nilikasirika. Nilisema kwamba yeye hajui netiboli, kwamba kule nyuma unakaa peke yako, kwamba hata wenzako hawakuoni, na sasa nimekuja kwake yeye naye ananiuliza habari za mtu mwingine.

Bibi alichukua debe, akaligonga, ndege wakaruka, akaliweka chini.

"Yule kiboko dume anayenimalizia mpunga upande wa mto," alisema, "nimempa jina. Unajua namwitaje?"

"Sijui."

"Karani. Anakuja kwa wakati wake, anachukua, haagi."

Nilicheka huku nalia, na yeye akacheka. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipofika.

"Mimi nakaa hapa na Karani miezi, tunachukiana vizuri, lakini siwezi kusema nipo peke yangu. Na wewe unaniambia ulikuwa peke yako. Hukuwa peke yako, mjukuu wangu. Mlikuwa wawili."

Kisha alinipakulia wali na samaki, tukala.

Mavuno yalipokwisha, wasichana wa upande wa Mahenge walishuka kucheza nasi Ifakara. Bibi, ambaye hakuwahi kuja uwanjani, alitembea kutoka Lumemo, akapita watu wote waliojaa upande wa kufunga, akaja kutandika kanga nyuma ya goli langu. Alikaa pale peke yake. Sista alitaka kumsogeza, akamwangalia, akaacha. Kabla filimbi haijalia bibi alimwita mfungaji wao.

"We binti, kwenu hawaamkii?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wa kwa nani wewe?"

Yule msichana alitaja jina lake, Leokadia, na la baba yake, na kijiji. Kumbe bibi alimfahamu shangazi yake. Mwamuzi akatuambia tuache maongezi, tuko mchezoni. Nikampa Leokadia mkono. Alinifunga sana siku ile, nakwambia kweli, tukashindwa. Kila alipofunga bibi alisema nyuma yangu, "Huyo Leokadia huyo," na kila nilipozuia alisema, "Skola naye yupo." Nilikuwa nimetamani neno hilo tangu Nairobi. Sikujua kwamba litakuja pamoja na la mwenzangu, katika pumzi moja.

Miaka michache baadaye Leokadia alikuja Ifakara kusomea uuguzi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa safari: Morogoro, Dar es Salaam, Nairobi tena, Kampala. Kila Jumapili baada ya misa Leokadia alikwenda Lumemo kumtazama bibi, akamchotea maji, akamsukia ukili wa mikeka. Nilikuwa Kampala na timu bibi alipougua. Simu ya maandishi ilinikuta siku ambayo tayari alikuwa amezikwa. Aliyemshika mkono usiku wake wa mwisho, aliyemwosha, aliyesimama kaburini mahali pa mjukuu, ni mfungaji wa Mahenge.

Nilipofika alinikabidhi kanga za bibi, zimefuliwa, zimekunjwa. Tulikaa kizingitini, na hapakuwa na futi tatu kati yetu.

Sikukaa Ifakara baada ya hapo. Mtembezi hula miguu yake, na yangu nimeila kweli: Tabora, Mwanza, Tanga, sasa hapa nilipo. Sitakudanganya kwamba nimeishika nasaha ya bibi kila mahali. Zipo nyumba nilizoishi mwaka mzima nikisikia kikohozi cha jirani ukutani, nikahama bila kujua anaitwa nani. Na yule wa Nairobi aliyeimba chini ya goli, mpaka leo sijui ni nani. Jioni zikiwa ndefu huwa namfikiria. Laiti ningemuuliza.

Kwa hiyo nakuusia hivi, Mwanangu. Kama umepewa kazi ya kubaki nyuma, baki vizuri. Si kila mtu atafunga, na wimbo wako huenda usiimbwe. Usiuache mstari wako kwa kutafuta kuonekana. Lakini usifanye upweke wa kazi kuwa tabia yako. Mtu ni watu, na watu hawaanzi mbali. Wanaanza na yule aliye mbele yako saa hii, hata kama amekuja kukushinda. Mzuie kwa nguvu zako zote, kisha muulize jina, na la mama yake, na kwao. Ukichelewa, wenzake watakuja na sweta wamchukue.

Mungu akupe mikono isiyochoka, na safari zenye kurudi. Popote utakaposimama, asikose mtu wa kutandika kanga upande wako. Na siku usipokuwepo, awepo aliyejua jina lako, awashike mkono walio wako.