Bambo la Mama na Chuo cha Ghorofani

Nikinusa vumbi la maharagwe hadi leo, nauona mkono wa mama ukitoa bambo kwenye mkoba. Wewe unayeishi mbali na mpaka huenda hulijui: ni kichuma chenye ncha na mfereji ndani, unachoma gunia ubavuni, na maharagwe ya katikati yanateremka kiganjani. Mama alinunua maharagwe ya Uganda pale Busia, na hakuamini gunia kwa kufunguliwa mdomo. "Ya juu yamepangwa na mtu," alikuwa akisema. Hata wahubiri aliwachoma bambo.

Kwa hiyo dada yangu Nafula alipotaka kusomea uuguzi, mimi wa darasa la nne nilijua kuna kazi. Nafula alikuwa amepata chuo kipya mjini, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Wangempokea Jumatatu, bila kungojea nafasi popote. Sare alikuwa ameshapimwa, na nyumbani kwetu Nambale alitembea tayari kama mtu aliyechelewa wodini.

Mama alitupeleka sote wawili. Chuo kilinukia rangi mbichi. Bwana mmoja mwenye tai alituonyesha chumba cha mazoezi: kitanda kimoja, na mwanasesere mkubwa amelazwa juu ya godoro ambalo bado lilikuwa na nailoni. Mimi nilimpenda sana yule mwanasesere. Mama aliitazama nailoni.

"Bosi, wanafunzi wenu wanaenda wodi gani?"

"Hospitali ziko mingi, mama. Hiyo tutapanga na yeye akishaanza."

"Taja tu moja."

Bwana akacheka. Mama akamgeukia msichana wa sare aliyeketi mlangoni. "Na wewe dada, umewahi osha mgonjwa?"

Yule msichana alimtazama bwana kwanza, ndipo akasema ndiyo. Mama akainuka.

"Twende," alituambia. "Ya katikati tumeshaona."

Nafula alilia njia nzima. Jioni, jikoni, aliniambia kwamba mama ana wivu, hataki binti yake amzidi. Nikaamini. Tangu hapo nikawa mpelelezi wa uso wa mama, na kweli, kila muuguzi alipopita sokoni, mama aliikodolea macho ile sare mpaka ikapotelea kwenye watu. Nilimchukia kidogo, kimyakimya, huku nikila ugali wake.

Mwaka uliofuata alimpeleka Nafula kwenye chuo chenye hospitali yake. Kabla ya kuingia ofisini alikaa kwanza getini akitazama viatu vya wanafunzi waliotoka zamu. Vilikuwa vimechakaa visigino. Akaridhika.

Siku ya kuhitimu, Nafula alihangaika na kofia ya uuguzi, inateleza tu. Mama alimvuta karibu, akaikunja pembe, akaibana kwa pini huku na huku, akiendelea kumsimulia shangazi habari za mvua. Mikono yake hata hakuitazama.

"Mama, nani alikufundisha?" Nafula aliuliza.

"Chuo changu pia kilikuwa na kitanda kimoja," alisema, akitafuta pini nyingine. "Nguo ndiyo walitushonea kwanza."

Macho yangu ya utotoni hayakukosea: ile sare aliitamani. Sikujua tu kwamba alikuwa nayo yake, iliyoshonwa zamani, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuiona.