Matanga Yangu Yameshaliwa, na Ndege Nitapanda

Jina langu lizuieni, maana ukurasa huu husomwa hadi zahanatini kwetu. Nina miaka ishirini na sita, ni muuguzi hapa Mbeya, na nimechumbiwa na mwalimu wa Iringa. Kazi yangu ni kwenda na kindege cha hospitali kwenye vijiji vipya vya ujamaa bonde la Usangu, ambako masika barabara hukatika na mama mwenye uchungu hana pa kupita.

Viwanja vya kule ni nyasi tu, na ng'ombe wanavipenda. Rubani hupita kwanza chini chini ili wachungaji wawaondoe, kisha huzunguka mbali na kurudi kutua. Wenyeji wanajua. Safari moja, waliokuwepo ni wafugaji waliohamia karibuni kutoka kaskazini. Waliwaondoa ng'ombe vizuri, wakakiona kindege kinatokomea, wakadhani kimepita zake, wakawarudisha. Tunagusa ardhi tu, dume jeusi liko mbele yetu. Rubani akalikwepa, gurudumu likaingia mtaroni, tukapinduka.

Nilivunjika mfupa wa bega, rubani akapasuka paji la uso. Wafugaji walewale ndio waliotutoa, na sina kinyongo nao. Kinyongo ninacho kwa dereva wa lori aliyepita sisi tumeshaondolewa, akaona ndege iko chali, akafika Mbalizi akatangaza kwamba hakupona mtu.

Nyumbani wakaweka matanga. Mama akanyoa nywele. Mchumba wangu akaja mbio, na naambiwa alilia mpaka wakamshika. Nami, niliyekuwa nimekwama kijijini siku hizo, nikateremka kwenye gari la hospitali, mkono umening'inia shingoni, nikakuta majirani wanakula wali wa msiba wangu. Nikaomba sahani, maana nilikuwa na njaa. Wengine walikimbia.

Furaha haikudumu. Nilipotaja kurudi kazini, baba akasema, "Matanga yako tumeshayala, mwanangu. Ukipanda tena ukafa, hapa hapana mtu wa kukulilia mara ya pili."

"Basi baba, nitakuwa nimewapunguzia kazi," nikamjibu.

Baba nimemzoea. Aliyeniumiza ni mchumba. Yeye Mhehe asiyempita hata mtoto bila kumpa "kamwene," siku hiyo alikaa bila kunisalimia.

"Nilishakuzika moyoni," akasema. "Siwezi kukuzika tena. Chagua, mimi au ndege."

"Wewe ulipopinduka na basi mlimani Kitonga, nilikukataza kusafiri?"

"Hayo mengine. Mimi ni mwanamume."

Nilitaka kumrushia kikombe cha chai. Nampenda, nasema wazi. Na sijifanyi shujaa, niliogopa sana, na tulipokuwa miguu juu jina nililoita ni lake. Lakini mama mmoja aliyekuwa akitungoja siku ile alijifungulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto hakuishi. Kwetu hakuna aliyemwekea matanga yule mtoto. Wote walikuwa wananililia mimi niliye hai.

Kindege kingine kinaletwa, na safari ya kwanza mimi nimo. Kwa hiyo wasomaji, msihangaike kunishauri kuhusu ndege, hilo sikuwauliza. Nishaurini juu ya huyu mwanamume. Nimpe muda aje kunipokea kiwanjani, au nimrudishie pete yake kabla sijapanda?