Kioo cha Mama

Kioo cha mama sasa kiko ukutani kwangu, na ukikikaribia utaona michirizi myembamba upande wa chini. Asubuhi ile, huko Spånga, Uswidi, baba alikilaza juu ya meza ya jikoni apate mahali palipo bapa, kwa kuwa meza yenyewe ilikuwa imepinda. Jioni tulipaswa kumchukua mama hospitali na mtoto mchanga, na injini ya gari ilikuwa bado wazi. Kitu kilikuwa kikigonga ndani yake. Vile vyuma vidogo vya injini viitwavyo tapeti, baba alikwisha kuvikagua, vyote vizima.

Alibingirisha juu ya kioo fito za chuma zinazosukuma vali, mmoja mmoja. Jiko zima lilinuka mafuta ya taa.

"Zote zimenyooka," akasema.

Niliinama mpaka jicho likalingana na kioo. "Den hoppar."

"Sema Kiswahili. Gari hili halijui Kiswidi."

"Huu unaruka, baba."

Akaubingirisha tena. Chini yake mwanga ulipenya, ukazibika, ukapenya. Akacheka, akaenda kuomba ufito mwingine ulionyooka kwa jirani aliyekuwa na injini kuukuu ya aina ile.

Jioni mama alipanda gari na mtoto, akatega sikio.

"Mbona leo haligongi?"

"Muulize binti yako," baba akasema.