Programu Iliyosimamisha Majina

Tovuti yetu iliandikwa na mwalimu mmoja wa kanisa, siku tulipokuwa tumevuka tu kutoka Congo kuingia Zambia, ili watu waliopotezana njiani watafutane. Aliporudi kwao aliniachia mimi, kwa sababu nilikuwa nimesomea kompyuta na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Kila Alhamisi nilitoka kambi ya wakimbizi nikaenda mjini Kashikishi, kwenye kibanda cha dada mmoja Mubemba, mwenyeji wa pale, aliyepiga chapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la samaki, kutumia kompyuta yake. Nilijua tovuti ina ugonjwa. Kwenye simu herufi zilikuwa ndogo kama mchanga, na chini kabisa majina ya waliotafutwa yalipita mbio kutoka kulia kwenda kushoto, mtindo uliopendwa zamani. Lakini kurasa zilikuwa nyingi. Kila nilipojaribu kuusoma kwa macho msimbo wake, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, nilichoka nikafunga.

Alhamisi hiyo nilikuja na programu ndogo niliyoipata mtandaoni. Haina picha wala vitufe. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, unaitajia folda, nayo inapekua faili zote ikitafuta lebo, zile alama za msimbo, ambazo watengenezaji wa tovuti waliacha kuzitumia zamani.

Nikaandika, nikabonyeza. Mistari ikaanza kumiminika: jina la faili, namba ya mstari, lebo iliyopitwa na wakati. Lebo ya rangi na ukubwa wa herufi. Lebo ya kuweka maneno katikati. Lebo ya maandishi yanayokimbia, na tena hiyo hiyo, na tena.

"Ba sista, umeiharibu?" dada aliuliza, akiacha mashine yake.

"Hapana. Inaniambia shida iko wapi. Mpaka mstari wenyewe."

Alivuta kiti akakaa karibu nami. Yeye akasoma namba, mimi nikabadilisha. Kwa furaha nikawa nakosea kuandika na kucheka peke yangu. Kila tulipoirudia ile amri, orodha ilikuwa fupi zaidi. Wateja walikuja, dada akawahudumia haraka haraka akarudi kitini. Saa nane mchana niliiandika tena, na safari hii programu haikuwa na la kusema. 

Nikazipandisha kurasa mtandaoni, nikafungua tovuti kwenye simu yangu. Majina yalikuwa yamesimama, moja chini ya jingine, makubwa, kila moja na kijiji chake. Nilianza kuyasoma kwa sauti, kwa furaha tu.

Mlangoni alikuwa mama mmoja wa kambi yetu, muuza chisense, wale dagaa wakavu wa ziwa, akingoja fotokopi ya kitambulisho chake.

"Mutoto wangu, rudia ile ya mwisho," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Congo.

Nikarudia: jina la mwanamke, la baba yake, la kijiji walikotoka. Na pembeni: yuko Mununga, mji mwingine wa upande huu wa ziwa.

"Ile njo jina ya mudogo wangu."

"Mama, hujawahi kuiona orodha hii?"

"Batoto balinionyeshaka mu simu. Lakini majina ilikuwa inakimbia, macho yangu haikushika hata moja. Njo niliacha."

Hakulia. Aliomba kiti, akakaa, akaniambia nisome mara ya tatu, polepole. Dada akamchapia ukurasa ule kwenye karatasi, na kesho yake mama akapanda lori la samaki kwenda Mununga.

Mdogo wake hakuwa huko tena. Alikuwa amerudi ng'ambo ya ziwa, Congo. Lakini binti yake alikuwa ameolewa hapo hapo Mununga, na alikuwa na namba ya simu ya mama yake. Mama alituambia yeye na mdogo wake waliongea mpaka chaji ikaisha, wakaazima simu ya jirani wakaendelea.

Jumapili iliyofuata watu walinisubiri nje ya kanisa. Walitaka niongeze majina.